Sauti Iliyokataa Kusema Moja

Mkono wangu wa kulia uliinuka kabla sijauambia. Uliinuka taratibu, ukapita mbele ya kifua, ukaenda kusimama usawa wa bega, nami nikautazama kama mtu anayemtazama mbuzi wa jirani akiingia shambani kwake. Kovu la mundu lilikuwa palepale juu ya kidole gumba, kwa hiyo mkono ulikuwa wangu. Ila sikuwa nimeutuma popote.

"Mungu," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, na ilitoka ndani ya mashine.

Ngoja nieleze mashine kwanza, maana bila hiyo utadhani nilikuwa na homa. Ilikuwa mkono wa chuma uliosimama kando ya kiti changu cha magurudumu, wenye mikanda mitatu ya kunifunga: juu ya kiwiko, chini ya kiwiko na kwenye kifundo. Ililetwa katika kituo chetu cha mazoezi pale Kasese kwa majaribio ya miezi mitatu, na sisi tuliovunjika shingo tukapangiwa zamu. Mbele yangu palikuwa na kioo chenye picha ya kikombe na rafu. Mara ya kwanza mashine iliuinua mkono yenyewe, kunionyesha njia. Kuanzia mara ya pili iliita namba, kisha ikanisubiri. Nikijaribu, hata kwa nguvu ya kufukuza nzi, ilihisi na kunimalizia safari, ndipo ikaita namba inayofuata. Nisipojaribu ilikaa kimya, na mkono wangu ukakaa kimya pamoja nayo.

Wiki mbili za mwanzo aliyehesabu alikuwa mwanamume wa Ulaya, kwa lugha yake, kwa sauti ya mtu aliyeshiba na kulala vizuri. Jumatatu hiyo walikuwa wamembadilisha.

"Mbili," mwanamke akasema, akasubiri.

Nilihisi nywele za kisogoni zikisimama. Kutoka mabegani kwenda chini sihisi mengi, lakini kisogo ni changu bado, na kilisisimka chote. Ile sauti niliijua. Niliijua ilivyokwaruza kidogo mwishoni mwa neno, na nilijua kwa nini ilisema Mungu mahali pa moja. Katika stoo ya Mzee Muhamood kule Bwera, debe la kwanza la mahindi haliitwi moja. Anayepima husema "Mungu", kwa sababu aliye mmoja ni yeye peke yake, kisha ndipo zinafuata mbili na tatu. Nilipokuwa bado na miguu, nikipeleka mahindi yangu kutoka Mubuku, nilimtania sana binti yake kwa ajili ya jambo hilo. Nilimwambia sijawahi kuona watu wanaomweka Mungu ndani ya gunia. Alicheka, akashika debe, akasema Mungu mara ya pili ili anikere.

Binti huyo aliitwa Habibah. Nilitaka kumwoa, yeye Mwislamu na mimi mtoto wa mwalimu wa shule ya Jumapili, na nyumba zote mbili zilikuwa zimeshaanza kununa. Lakini mashine ilipoita namba ile, Habibah alikuwa amekufa miaka miwili.

"Mama," nikasema. "Unasikia?"

Mama yangu, Ketura, alikuwa kwenye benchi la ukutani akifuma kikapu, kama alivyofanya kila siku akinisubiri. Sindano ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Hakuinama kuiokota.

"Sisikii kitu, mutoto yangu," akasema. "Hiyo ni mashini tu."

"Inasema Mungu."

"Basi iko inaomba. Fanya kazi yako, Nobert."

Nilijaribu kidogo. Mkono ukaondoka, ukapanda. "Tatu," Habibah akasema, karibu kabisa na sikio langu, na mimi nikaanza kulia mbele ya musawo, mhudumu wa mazoezi.

Musawo Evas, aliyenihudumia, alikuwa msichana wa Kasese mwenye mikono ya moto na subira ya ajabu. Alidhani mkanda unanibana. Aliulegeza, akanifuta macho kwa kona ya koti lake jeupe, akaniuliza kama tuache.

"Hapana," nikamwambia. "Iache iseme."

Tulifika sita. Nikasimama hapo. Nilimwambia nimechoka, na ulikuwa uongo.

Nieleze na hili. Mwezi wa tano mwaka 2013, mto Nyamwamba ulipovunja kingo, Habibah na mimi tulikuwa karibu na daraja. Lori la kaka yake, Swalik, lilikuwa limesimama pale limejaa magunia. Maji yalikuja na mawe makubwa, na sauti yake ilikuwa ya mawe zaidi kuliko ya maji. Nilimnyanyua Habibah nikamrusha juu ya magunia, lori likaanza kuondoka. Nakumbuka alivyolala kifudifudi juu ya mzigo, amenyoosha mkono kwangu, akiita, "Njoo, gari haijaenda. Gari haijaenda." Nikainua mkono kuushika wake. Hapo gogo likanipata nyuma ya shingo.

Nilipozinduka, siku sijui ngapi baadaye, mama alikuwa ameinama juu yangu. Nilimuuliza kwa midomo tu. Akaniambia Habibah alibebwa na maji. Mwili haukupatikana. Hakuna kaburi nililoonyeshwa, na kama lingekuwepo nisingeweza kulitembelea. Miaka miwili nimelala Karusandara, kwenye chumba cha nyuma, nikitazama boriti zilezile, na mkono wangu haukumaliza kuinuka.

Sasa mtu alikuwa anauinua, na anahesabu.

Jumanne niliogopa zaidi, kwa sababu nilisikiliza vizuri zaidi. Nje jua la Kasese lilikuwa linachoma mpaka mbwa walijificha chini ya magari. Dirisha lilikuwa wazi. Lakini nyuma ya sauti ya Habibah kulikuwa na mvua. Ilianza pamoja na neno lake na kukatika pamoja nalo. "Tatu," na mvua juu ya mabati. Kimya, na jua. "Nne," na mvua tena, nzito, kama mahali alipokuwa hapakuwahi kukauka tangu siku ile.

"Musawo, mvua inanyesha?" nikauliza.

Evas alichungulia dirishani, akanitazama usoni. "Hakuna hata wingu moja, bwana Nobert."

Mama alikuwa anafuma haraka haraka, kikapu kikienda upande.

Tena nikasimama kwenye sita. Nitasema ukweli kwa nini. Mashine ilihesabu mpaka kumi, na mimi sikutaka afike kumi. Niliona kwamba aliyekufa akiruhusiwa kuhesabu, siku atakayomaliza ataondoka. Kwa hiyo niliubania mkono wangu mwenyewe. Nguvu zilikuwa zinaongezeka, nilijua, bega lilikuwa linawaka kwa uhai, na siku zote mbili nilijifanya mzoga ili Habibah abaki ndani ya chuma akiningoja kwenye saba. Kama ni wazimu, ulikuwa mtamu. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu nivunjike.

Jioni hiyo mama alimleta Erifazi, mzee wa kanisa letu, aniombee. Mzee Erifazi aliweka kofia juu ya goti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua za msimu.

"Hiyo pepo inahesabu mpaka ngapi?"

"Kumi, mzee. Lakini mimi nasimama kwa sita."

"Kwa nini?"

Nilifumba macho kama mtu aliye tayari kuombewa. Aliomba kwa muda mrefu na kwa moyo wote, akimtaja shetani kwa heshima kidogo, nadhani kwa sababu hakuwa na uhakika. Alipoondoka, mama alikaa kitandani kwangu akanishika mguu ambao hauwezi kujua umeshikwa.

"Tunaacha, Nobert. Kesho niko natuma neno kwa musawo. Ile mashini iko na kitu."

"Ulisema husikii."

"Sisikii. Lakini naona vile unakuwa."

"Mama, nikiacha nitakufa. Nakwambia kweli. Unifungie mlango huu, nikufe."

Aliangalia pembeni. Mama yangu alinibeba mgongoni nikiwa mtoto, akanibeba tena nikiwa na miaka ishirini na tisa, na hajawahi kusema nimekuwa mzito. Akanifunika bila kunitazama usoni. Nilidhani anahofia roho yangu.

Jumatano tulikwenda, kwa ubishi wangu, na tulifika mapema. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wazi kidogo. Ndani alikuwepo Mzee Zedekiah wa Karambi, aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi wake, na niliisikia sauti ikimwambia, "Mungu."

"Amina," Mzee Zedekiah akajibu.

"Mbili."

Nikamwomba mama asimamishe kiti. Siku mbili nilijifariji kwamba ni kichwa changu, na kichwa kilichopigwa na gogo kina haki ya kusema lolote. Kumbe na mzee yule alimsikia. Hata alimwitikia. Habibah hakuwa ndani ya kichwa changu, alikuwa chumbani, na alikuwa anawahesabia watu wengine.

Niliona wivu, Mungu anisamehe. Nilimwonea wivu mzee wa miaka sabini.

Zamu yangu ilipofika, Evas alinifunga mikanda akazungumza nami kwa upole. "Bwana Nobert, mukono yako wiki ya kwanza ilipanda. Sasa inashuka. Ijumaa tunapima. Kama haiko na mabadiliko, nafasi wanapea mutu mwengine. Si mimi nimeamua."

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii."

Kwa hiyo kumi ingeninyang'anya Habibah, na sita ingeninyang'anya mashine. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi bila kikapu. Nilimwomba Evas aniitie fundi.

Fundi aliitwa Jean-Bosco, Mkongo wa Butembo, aliyekuja na mashine na kulala nayo jengo moja. Alikuwa mtu wa furaha, kalamu nyuma ya sikio. Nilimuuliza bila kuzunguka.

"Fundi, nani iko ndani ya hii kitu?"

Akacheka. "Ah, ile voix, ile sauti? Wagonjwa walikuwa wanaogopa ule Muzungu. Njo nikatafuta mutu wa Bwera, juu Kiswahili ya kule inasikika huku na kwetu. Mama moja, anauzisha mahindi. Anasema muzuri, sivyo?"

"Alisema lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Wa mwaka gani?"

"Huu tu, bwana. Mwaka gani tena? Tulikuwa mu stoo ya baba yake. Mvua ilipiga mabati siku nzima, nikashindwa kuiondosha mu machine. Unaisikia, eh? Pardon."

Evas alikuwa ameacha kuandika.

"Na ile moja?" nikauliza. "Kwa nini hasemi moja?"

"Alikatala." Jean-Bosco alikuna kichwa. "Mara ine nilimwambia, mama, sema moya. Anasema hapana, ya kwanza ni ya Mungu, ukitaka andika vile, hautaki, acha. Nikaacha. Na akaniuliza kama iko mugonjwa wa Karusandara mu liste. Nikamwambia jina za wagonjwa ni siri. Akanyamaza mingi. Kisha akaomba aongeze kidogo kisha ya kumi."

"Aliongeza nini?"

"Si uende kumi usikie? Minaona wewe unalala kwa sita siku hizi."

Maiti haikatai jambo mara nne. Mtu aliyebebwa na Nyamwamba mwezi wa tano mwaka 2013 hawezi kukaa stoo mwezi wa tatu mwaka 2015 akimbishia fundi. Nilijua hayo yote kwa akili, na bado mwili uliobaki kwangu ulikuwa wa baridi. Aliyefufuka anatisha kuliko aliyekufa, kwa sababu yeye unaweza kumkosa mara ya pili.

"Washa," nikamwambia Evas.

Mkono ukaenda wenyewe. "Mungu." Nikaungoja. "Mbili." Nikausukuma. Tatu, nne, tano, mvua ikija na kukatika. Sita. Hapo nilipozoea kujilaza nilikaza meno, nikausukuma mkono wangu kutoka mahali fulani chini ya shingo ambapo sikuwa nimepita miaka miwili. Saba. Jasho liliingia machoni na hakuna aliyenifuta, wote walikuwa wanatazama. Nane. Kwenye tisa mkono ulikwama nusu ya njia, ukatetemeka, na mashine ikaningojea bila huruma, nami nikaona juu ya kikombe na rafu mkono mwingine, umenyooshwa kutoka juu ya magunia. Nikaufuata. Tisa ikapita.

"Kumi," Habibah akasema. Mvua ilinyesha sekunde mbili tatu nyuma yake bila neno. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema, "Njoo. Gari haijaenda."

Hakuna binadamu mwingine aliyeyasikia maneno yale siku ile. Maji yalikuwa yanapiga kelele mno.

Nyuma yangu benchi liligonga ukuta. Mama alikuwa amesimama.

"Mama, usitoke," nikasema. Sikuweza kugeuka, mikanda ilinishika. "Musawo, tafadhali, muniache na mama."

Walitoka. Nilibaki na mkono wangu hewani, kwenye rafu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuushusha.

"Uliniambia alibebwa na maji."

Nikasikia anakaa chini, sakafuni, si kwenye benchi.

"Niliambiwa," akasema. "Siku ile kwa ospitali nilimuuliza Swalik, dada yako iko wapi? Yeye anasema, mutoto alibebwa. Basi. Alibebwa. Mimi nimetoka kuona watu wanabebwa na maji siku nzima, Nobert. Ningesikia nini ingine?"

"Alibebwa na nini?"

"Na lori. Lori ilimubeba mpaka Bwera. Ile ndiyo alikuwa anasema."

Ningecheka kama ningekuwa na pumzi. Neno moja, na mtu akazikwa bila kaburi.

"Ulijua lini?"

"Wiki tatu baada ya ile maji. Alikuja kwa geti kule ospitali, amefungwa bandeji kwa kichwa, na miguu inatembea." Sauti yake ilivunjika. "Inatembea, Nobert. Wewe umelala, huwezi kufukuza nzi, na yeye anatembea. Ulibaki kwa maji kwa sababu yake. Nikasema moyoni, Mungu amechukua mutoto yangu nusu, hii nusu siwezi kupea mutu. Nikamwambia umesema hutaki kumwona. Ati unasema yeye ndiye alivunja shingo yako."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Hukusema."

"Alikuja mara ngapi?"

"Kwa ospitali mara moja. Nyumbani mara tatu. Ya mwisho alileta mahindi. Tulikula."

Nilikuwa na hasira ya kuvunja ukuta, na mtu niliyemkasirikia ndiye atakayenivua nguo usiku huo, aninyweshe uji, anigeuze ubavu. Hasira ya mtu asiyejiweza ina aibu yake. Nilimtaka aondoke, na nilijua akiondoka nitabaki pale nimefungwa kwenye chuma na mkono juu kama askari wa barabarani.

"Mama," nikasema mwishowe. "Niteremshie mkono."

Alikuja. Hakujua kufungua mikanda ya mashine, akahangaika nayo kwa vidole vyake vya kufuma, machozi yakidondoka juu ya kifundo changu. Nikagundua kitu nikamwambia bila kufikiri.

"Nimehisi chozi lako. Ni la moto."

Alipiga goti palepale akaweka paji la uso juu ya mkono wangu, na tukakaa hivyo mpaka Evas alipobisha.

Alhamisi mama hakunipeleka kituoni. Aliniosha alfajiri, akaniachia jirani, akavaa gomesi, gauni lake la kanisani, akaondoka bila kuniambia anakwenda wapi. Alirudi jioni na vumbi la Bwera hadi magotini. Sikumuuliza, naye hakusema. Uji aliukoroga vizuri kuliko siku zote.

Ijumaa chumba kilikuwa kimya kupita kiasi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Rwenzori mpaka kwenye uzio, na dirishani hapakuwa na kitu isipokuwa weupe. Evas alinifunga mikanda. Mama hakuingia. Nilimwona kupitia mlango akikaa kwenye veranda, akituacha na benchi tupu, kisha kiti changu kikageuzwa kuelekea kioo na nikabaki na kikombe na rafu.

"Mungu," Habibah akasema.

Nilingoja mkono uinuke. Haukuinuka. Nikatega sikio kwa namba inayofuata, na hapo kitu kikanishtua, nikachelewa kukijua. Nyuma ya sauti hapakuwa na mvua.

"Umesema Mungu," nikasema. "Sema mbili."

"Sisemi mbili mpaka unijibu." Ilitoka nyuma yangu, upande wa benchi. "Usigeuke."

"Siwezi kugeuka."

"Najua. Njo maana nimesimama huku. Miaka mbili iko neno inanikula. Jibu tu, halafu nitaenda. Unanilaumu?"

"Niliambiwa umekufa, Habibah."

"Mama yako alinambia jana. Alipiga magoti mu stoo, mbele ya watu wa baba. Nikamwinua. Lakini hiyo ni jibu ya mama. Mimi nataka yako. Kama ungejua miko muzima, na wewe uko kwa kiti, ungenilaumu?"

Ni swali la haki, na nilipaswa kulijibu kwa haki. Nilitazama kikombe kwenye kioo.

"Usiku nyingine, ndiyo," nikasema. "Ningekulaumu usiku, na asubuhi ningekuita unipe chai. Nilimwonea wivu hata Mzee Zedekiah kwa ajili ya sauti yako tu. Nilijifanya mgonjwa zaidi ili usifike kumi. Habibah, nimekupenda ukiwa maiti miaka miwili. Ukiwa hai sitashindwa."

Niliogopa kwamba nikigeuzwa nitakuta benchi tupu na ukungu umeingia ndani. Niliogopa kweli, kama mtoto.

"Baba hajakubali," akasema baada ya muda. "Swalik amenuna mu gari pale inje, hataki hata kushuka. Ameniambia dakika kumi. Sikuletei habari njema, Nobert. Nimejileta tu."

"Dakika kumi ni nyingi. Mimi mkono mmoja umenichukua miaka miwili."

Alicheka, kicheko kile cha stoo, kikaishia kwenye kilio. Nikasikia hatua zake. Zilikuwa na uzito, sakafu ilizipokea, na zikaja zikapita kando ya gurudumu langu. Kisha akasimama kati yangu na kioo, akaficha kikombe na rafu. Alikuwa amekonda. Kwenye paji la uso, chini ya ukingo wa mtandio, palikuwa na alama ndefu niliyokuwa siijui. Alinyoosha mkono wake wa kulia, usawa wa bega langu, kiganja wazi, akauacha pale.

"Mbili," akasema.

Niliusukuma. Ulianza kutoka chini, mzito, ukapita mbele ya kifua, ukatetemeka ulipofika nusu, na sikuungojea msaada. Uliendelea. Vidole vyangu havijui kushika bado, vilianguka tu juu ya kiganja chake, naye akavifunga kwa vyake, na joto lake nikalihisi mpaka kwenye kifundo.

Musawo Evas alikuwa amesimama kando ya mashine, mkono juu ya swichi, mdomo wazi.

"Bwana Nobert," akasema, "bado sijawasha."